Wazazi wanatoka Pangani: tukodi mashua kwenye mfereji wa Kennet and Avon, lakini tuanzie wapi?

Binti Pangani ameandika:

Ndugu wanajukwaa, shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Ninaishi Reading na mume wangu na watoto wetu wawili. Majira ya joto yajayo, Mungu akipenda, wazazi wangu watakuja kututembelea kutoka Pangani, na ndiyo mara yao ya kwanza kufika Uingereza. Baba alikuwa nahodha wa jahazi kwa miaka mingi, akibeba mizigo kati ya Pangani, Tanga na Unguja, na ingawa umri umemtoa baharini, akili yake haijatoka huko: nikimpigia simu huniuliza habari za mito na vyombo vya huku kabla hajaniuliza habari za kazi yangu. Kumzungusha mtu kama huyo kwenye majumba na maduka ya London kutwa nzima naona ni kumchosha bure.

Kwa hiyo nimefikiri tukodi mojawapo ya zile mashua ndefu nyembamba zenye vitanda na jiko ndani yake, tusafiri kwa juma zima kwenye mfereji wa Kennet and Avon, ambao unapita katikati ya mji wetu. Mpango wangu ni kuanzia hapa hapa Reading, twende magharibi hadi Bath, kisha turudi.

Yanayonitatiza ni haya. Hakuna hata mmoja wetu mwenye leseni ya kuendesha chombo cha majini katika nchi hii, na sijui kama uzoefu wa baba utatambuliwa na yeyote. Mama ana maumivu ya magoti, hajui kuogelea, na si mtu wa kuruka kutoka chomboni kwenda ukingoni. Mtoto wetu mdogo naye ana miaka sita. Tena nimewaona watu wakiyasukuma yale malango makubwa ya mbao kwa migongo yao, nikajiuliza kama familia yenye watu wazima wanne, wawili kati yao wazee, itaimudu kazi hiyo kuanzia asubuhi hadi jioni. Naomba ushauri wa wanaoujua mfereji huu kwa kuusafiri.

Mkazi wa Mferejini amejibu:

Dada, wazo lako ni zuri sana na nakusihi usiliache, ila nakusihi vilevile usianzie Reading.

Leseni isikuumize kichwa. Anayekodi mashua ya mapumziko kwenye mifereji ya Uingereza haulizwi cheti cha unahodha. Kampuni inayokodisha ndiyo inayolipia kibali cha chombo, nayo huwapa wateja mafunzo ya vitendo kabla ya kuwaachia. Mafunzo hayo msiyaharakishe hata kama mmechelewa kufika. Mwombeni fundi asafiri nanyi mpaka kwenye daraja au malango ya kwanza, na kila mtu mzima ashike usukani mbele yake.

Sasa tupige hesabu ya safari uliyoipanga. Kutoka Reading hadi Bristol ni kama kilomita 140, na njiani kuna loki 105, yaani vyumba vya mawe au matofali vyenye malango mbele na nyuma, ambamo chombo hupandishwa au kushushwa kwa kuingiza maji au kuyatoa. Bath iko karibu na mwisho wa njia hiyo. Mwendo unaoruhusiwa hauzidi kilomita 6.4 kwa saa, lakini mwendo halisi ni pungufu ya hapo, kwa kuwa kila unapopita mashua iliyofungwa ukingoni ni lazima upunguze, usije ukaing'oa vigingi vyake kwa mkondo wa chombo chako. Loki moja huchukua robo saa mambo yakienda vizuri, na zaidi ikiwa kuna foleni. Ukijumlisha hayo utaona kwamba kwenda Bath na kurudi ndani ya juma moja hakuwezekani kwa familia inayotaka kula, kulala na kuzungumza.

Lipo na jambo jingine kuhusu upande wenu. Kati ya Reading na Newbury njia hiyo si mfereji mtupu. Ni mto Kennet wenyewe uliorekebishwa, ukichanganyika na vipande vingi vilivyochimbwa, hivyo kuna mahali mto unaingia kwa ubavu na kuisukuma mashua, hasa baada ya mvua kubwa. Kuna pia madaraja ya kuzunguka na ya kuinuka ambayo msafiri mwenyewe huyafungua, na lile la Aldermaston hulazimika kusimamisha magari barabarani. Katikati ya mji wa Reading kwenyewe mto ni mwembamba na umepinda kiasi kwamba zimewekwa taa za kuongozea mashua, na nahodha hubonyeza kitufe akasubiri zamu yake. Baba yako angeyafurahia hayo yote, sina shaka, lakini wewe na mumeo ndio mtakaokuwa nje na kamba mkononi, na mama yako atabaki na hofu siku nzima.

Pandeni treni mwende Bradford on Avon, mkodi huko au jirani na hapo. Kutoka loki ya Bradford hadi loki ya juu kabisa ya Bath kuna kama kilomita 15 ambazo maji yake yako usawa mmoja, bila loki hata moja. Na kipande hicho kisicho na kazi nzito ndicho ninachokiona kizuri kuliko vyote katika mfereji mzima. Mfereji unapita kwenye ubavu wa bonde, miti ikiwa juu yenu upande mmoja na mto Avon ukiwa chini upande mwingine, na mara mbili unauvuka mto huo juu ya madaraja ya mawe yaliyojengwa chini ya mhandisi John Rennie: moja Avoncliff, na jingine la Dundas, lililokamilika mwaka 1805 na kupewa jina la Charles Dundas, mwenyekiti wa kwanza wa kampuni ya mfereji. Mashua inaelea juu ya daraja, na nahodha akitazama chini anauona mto unakwenda zake, na reli kando yake. Mwachie baba usukani hapo.

Avoncliff muingie kwa tahadhari. Mfereji unakata kona kali kabla ya daraja na kona nyingine baada yake, huoni kinachokuja, na juu ya daraja hapana nafasi ya kupishana. Punguzeni mwendo mapema, pigeni honi, na mtu mmoja akae omo, yaani mbele, atazame na kuwaashiria walioko tezi, yaani nyuma. Vyombo hupishana kwa kila mmoja kushika upande wake wa kulia, kinyume cha magari ya nchi hii. Katika njia hiyo hiyo kuna watu wengi wanaoishi ndani ya mashua zao mwaka mzima, zimefungwa ukingoni mfululizo, na watawashukuru mkipita polepole.

Kuhusu baba, kana, yaani mpini wa usukani, ya mashua hizi haitamshangaza, kwa sababu ukiisukuma kulia chombo huelekea kushoto kama alivyozoea. Kitakachomshangaza ni urefu. Chombo cha kulaza watu sita kina kama mita 18 hadi 20 kwa upana wa mita 2 na kidogo, na kinazunguka kikiegemea katikati yake, kwa hiyo omo ikiingia kushoto tezi inafagia kulia. Kikirudi nyuma hakisikii usukani ipasavyo, na kusimama huchukua muda. Mkipwelewa kwenye tope la ukingoni, msiongeze moto wa injini kwenda mbele. Rudini nyuma taratibu, wahamishieni watu upande wenye kina, halafu upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, umalize kazi. Upondo utaukuta umelazwa juu ya paa, na nadhani katika chombo chote hakuna kifaa ambacho baba atakitambua haraka zaidi.

Mfungua Malango amejibu:

Nakubaliana na ndugu hapo juu kuhusu Bradford. Mimi hujitolea kwenye loki chini ya Canal & River Trust, taasisi ya hisani ambayo tangu mwaka 2012 ndiyo inayotunza sehemu kubwa ya mifereji ya Uingereza na Wales, na ninawaona wageni wakifika na watoto na wazee kila kiangazi. Nitajikita kwenye loki, kwa maana najua kwamba mkishafika hapo mtatamani kupita japo moja, na mzee hatakubali kurudi Pangani bila kuiona.

Mkielekea mashariki kutoka kituo cha treni cha Bradford mtakutana na loki ya Bradford, karibu kabisa na lile ghala kubwa la mawe la karne ya 14, na mkiendelea kilomita chache mtafika Semington ambako kuna mbili. Hizo zinawatosha. Gaweni kazi kabla ya kufika: mmoja kwenye usukani, mmoja kwenye kamba, wawili kwenye malango, mama akae ndani au ashuke mapema mahali palipo tambarare, na watoto wawe na makoti ya kuokolea tangu asubuhi, si mpaka mkifika loki. Malango yale hayafunguki kwa nguvu. Maji ya pande mbili yakiwa hayajalingana, hata watu kumi hawalitikisi lango, na yakilingana, mtu mmoja akiegemeza kiuno kwenye boriti yake linasogea. Anayelazimisha huumia mgongo bure.

Hatari kubwa inayowashika wageni ni kizingiti. Chini ya malango ya juu, ndani ya chumba, kuna kizingiti cha mawe au zege kinachojitokeza, na chumba kikiwa kimejaa hukioni. Mnaposhuka, tezi ikiwa juu ya kizingiti hicho, maji yanapungua, tezi inakaa juu ya jiwe huku omo ikiendelea kushuka, na ndani ya muda mfupi chombo kinapinduka au kinajaa maji kwa mbele. Ukingoni pamechorwa mstari mweupe kuonyesha kinapoishia. Mwenye usukani asiuondoe macho mstari huo, na akiona chombo kinarudi nyuma kuukaribia, apige kelele, na walioko kwenye vizibo vya maji wavifunge papo hapo. Chombo kikikwama kinaposhuka, fungeni vizibo vya chini kwanza, halafu ndipo mjaze maji upya kutoka juu taratibu.

Vizibo hivyo vya kuingizia na kutolea maji hufunguliwa kwa mkono wa chuma unaochomekwa kwenye ekseli na kuzungushwa. Usiuache mkono huo umechomekwa hata kwa dakika moja, kwani breki ikiachia, uzito wa kizibo unauzungusha kwa kasi na unaruka. Nimeona mtu aliyevunjika kiganja kwa sababu hiyo. Mkishuka msifunge kamba fundo gumu. Ipitisheni kwenye nguzo mzunguko mmoja, mtu aishike na kuilegeza kadiri maji yanavyokwenda. Na asitokee mtu, hata mzee mwenyewe, akazuia chombo kisigonge ukuta kwa mguu au mkono. Mashua ina uzito wa zaidi ya tani 15. Iacheni igonge, ina dafrau za kuzuia migongano ubavuni na chuma chake ni kinene.

Loki za mfereji huu ni pana, zinaingiza mashua mbili nyembamba sambamba, na kila loki ikifunguliwa hutumia zaidi ya lita 200,000 za maji. Kwa hiyo mkiona chombo kingine kinakuja, kisubirini muingie pamoja. Mtaokoa maji, na wenyeji watawasaidia kwa malango.

Binti Pangani ameandika:

Nawashukuru mno, ndugu zangu. Nimemsomea mume wangu majibu yote na tumekubaliana tuanzie Bradford. Nina mawili yaliyobaki. La kwanza ni la nyumbani: maji ya kupikia na ya udhu tunayapata wapi, na choo kinakuwaje? Mama ndilo atakalouliza kabla ya mengine yote. La pili ni la baba, ambaye aliona kwenye televisheni mlima wa loki zilizopangwa mstari mmoja, nami nafahamu ni Devizes, kwenye mfereji huu huu. Je, tunaweza kufika?

Bibi wa Bristol amejibu:

Mwanangu, marahaba, na karibuni huku kwetu. Mimi hupenda kusafiri na wajukuu kwenye kipande hicho cha Bradford na Bath, kwa hiyo hilo la nyumbani niachie.

Mashua ina tangi la maji safi, bomba la jikoni, bafu la manyunyu na maji ya moto yanayopashwa na injini mnaposafiri. Familia yenu ijaze tangi kila siku wala msingoje liishe. Kando ya mfereji kuna mabomba ya kujazia, na kujaza tangi tupu huchukua muda mrefu, kwa hiyo fanyeni wakati wa chakula cha mchana. Udhu watautia kwa maji ya bomba bila wasiwasi. Maji ya mfereji msiyatumie kwa lolote, hata kuoshea vyombo, kwa sababu mikojo ya panya huacha humo vijidudu vya leptospirosisi. Mkishika kamba zilizolowa, mnawe kwa sabuni kabla ya kula, na mwenye kidonda mkononi avae glavu. Choo ni cha kuvuta maji kama cha nyumbani na kina tangi lake chini, ambalo kwa juma moja kwa kawaida kampuni hulimwaga yenyewe, lakini watu sita ni wengi, basi ulizeni siku ya mafunzo lina ukubwa gani. Tishu zenye unyevu zisitupwe humo kabisa.

Kwa ajili ya magoti ya mama yako, chagueni chombo chenye sitaha pana ya nyuma na ngazi za kushukia ndani zisizo wima, na mwombe kitanda kisicho cha juu. Ndani mna nafasi finyu ya kupishana, lakini kuna mahali pa kuketi omo, nje, chini ya anga, ambapo hakuna kelele za injini. Mtengenezeeni hapo pakawe pake, na koti la kuokolea avae. Akichoka na maji, Avoncliff, Freshford na Bath zina vituo vya treni, anaweza kupanda na mmoja wenu akawasubiri mbele.

Sasa nisikilize kuhusu jiko. Najua mtataka mishkaki au samaki wa kuchoma jioni, na ukingoni panaruhusu mahali pengi, lakini jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya mashua, wala lisiwekwe kwenye sitaha karibu na mlango, hata likionekana limekwisha kuzima. Mkaa unaofuka polepole hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu wala rangi, na kijumba kile kirefu kilichofungwa madirisha kwa baridi kinajaa bila mtu kushtuka. Familia zimekufa usingizini kwa namna hiyo. Chombo kitakuwa na king'ora cha gesi hiyo. Kibonyezeni kitufe chake cha majaribio siku ya kwanza mbele ya fundi, na mtu asitoe betri kwa sababu kinalia. Matundu ya hewa kwenye milango msiyazibe kwa nguo.

Jioni mnafunga ukingoni kwenye njia ya waenda kwa miguu, ile iliyokuwa ya farasi wa kuvuta mashua zamani. Mnapigilia vigingi kwa nyundo na kufunga kamba ya omo na ya tezi, na hamlipi kitu isipokuwa penye bango la kukataza. Fungeni kabla ya giza, kwa kuwa vyombo vya kukodi haviruhusiwi kutembea usiku.

Mkazi wa Mferejini amejibu:

Nimalizie na hilo la Devizes. Huo mlima unaitwa Caen Hill, na una loki 29 zinazopanda mita 72 ndani ya kama kilomita 3. Katikati yake 16 zimepangwa mstari mmoja ulionyooka, na kila moja ina bwawa lake pembeni, kwa sababu zimekaribiana mno na maji ya kuzijaza yasingepata pa kukaa kati ya moja na nyingine. Mashua huchukua kama saa tano au sita kupanda. Kwa familia yenu, na mkishapanda mna kazi ile ile ya kushuka, sikushaurini mwende na chombo. Nendeni kwa gari siku moja kabla au baada ya safari, kwani Devizes haina kituo cha treni. Juu kabisa kuna maegesho na mkahawa, na mama anaweza kukaa hapo akaziona loki zikiteremka mbele yake, huku baba akishuka na wajukuu kwa miguu na kuwasaidia wasafiri kusukuma malango, jambo ambalo hakuna msafiri atakayelikataa.

Na mzee huyo ningependa aelezwe habari za mfereji wenyewe. Ulifunguliwa wote mwaka 1810 ili mizigo ipite kati ya London na Bristol bila kuzunguka kwa bahari, ukafanya kazi vizuri hadi reli ilipofika, na mwaka 1852 kampuni ya reli ya Great Western ikaununua. Haukuwa na faida tena kwa mwenye reli, ukaachwa ukachakaa, na kufikia katikati ya karne ya 20 loki nyingi, zikiwamo hizi za Caen Hill, zilikuwa zimejaa magugu. Waliourudisha ni watu wa kawaida waliojitolea kwa miongo kadhaa, wakichimba tope kwa mikono na kuchangisha fedha za malango mapya, mpaka Malkia Elizabeth wa Pili alipokuja Devizes mwaka 1990 kuufungua upya.

Mkiwa kwenye mashua yenu kati ya Dundas na Bath, mtapita Claverton, ambako tangu mwaka 1813 kuna gurudumu la maji linalozungushwa na mto Avon na kuyapandisha maji ya mto huo huo mita 14 na zaidi hadi mferejini. Na mkiwa na gari, Crofton iko mashariki ya Devizes, na humo mna injini ya mvuke ya mwaka 1812 ambayo bado inaweza kufanya kazi iliyojengewa. Siku ambazo mitambo hiyo huwashwa mbele ya wageni hutangazwa mapema na si nyingi kwa mwaka, kwa hiyo zitazameni kabla ya kulipia mashua, pamoja na matangazo ya Canal & River Trust kuhusu loki zilizofungwa kwa ukarabati au kwa upungufu wa maji, maana kiangazi kikiwa kikavu sana baadhi ya vipande hufungwa.